Aliyemfundisha Salma Kugawanya

Tulikuwa sita ndani ya chumba kile cha lise, shule ya sekondari, Jumamosi asubuhi. Salma, mdogo wangu, alikuwa amesimama karibu na ubao, chaki bado mkononi. Bwana Silvesteri, mkubwa wa juri, kundi la wasahihishaji, alikuwa nyuma ya meza. Bwana Deo, direkta wa shule ya Salma, alisimama dirishani, mikono nyuma. Madamu Perpetua, mwalimu wa darasa lake, alikaa kwenye benchi la mbele, mkoba mapajani. Mimi Mwajuma nilikuwa karibu na mlango. Wa sita alikuwa yeye, hatua moja nyuma yangu, ndani ya koti la kijivu alilolivaa kwa mambo ya serikali tu.

Jina lake sitaliandika. Siku ile niliulizwa nani alimfundisha Salma nikamtaja mtu mwingine, na kulitaja sasa kwenye karatasi, mahali ambapo hakuna anayenitazama, ni rahisi mno. Nitamwita Mwalimu, kama tulivyomwita uani kwetu. Mjini kote Rumonge aliitwa Fundi, kwa sababu alitengeneza baiskeli.

Alikotoka na watu wake sivijui vizuri, na kidogo nilichosikia si changu kukisimulia. Ninachojua ni kwamba alirudi kutoka Tanzania akiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi ya kambi ya wakimbizi, na kwamba huko kambini alikuwa amefundisha hesabu. Hapa alifungua kazi yake kando ya njia inayoteremka kutoka Kizuka, mahali ambapo vijana hupita na bidoni nne, madumu makubwa, za mawese nyuma ya baiskeli, breki zikilia. Alikuwa na kisanduku cha vyuma, beseni la maji la kutafutia matundu ya mpira, na kipande cha ubao mweusi alichokitundika kwenye ukuta kwa msumari. Watu walidhani ubao ule ni wa kuandikia wanaodaiwa. Haukuwa. Asubuhi aliandika swali moja juu yake na kulifuta jioni, na kwa muda mrefu hakuna aliyelijibu.

Aliyelijibu kwanza ni Salma. Alikuwa na miaka minane, amepeleka baiskeli ya marehemu baba kuzibwa mpira, na wakati anangoja akachukua chaki akaandika namba moja chini ya swali. Mwalimu hakumsifu. Alimuuliza kwa sauti iliyowafanya vijana wa bidoni wageuke: njia yako iko wapi? Salma akaanza kulia. Mwalimu akamwacha alie, akaziba mpira, akapuliza upepo, kisha akamwambia arudi kesho alete njia.

Alirudi. Hivyo ndivyo tulivyompata, au yeye alivyotupata.

Lazima niseme hali yetu ilivyokuwa, la sivyo woga wangu utaonekana wa bure. Baba alipokufa, na mama mwaka uliofuata, tulibaki watatu: mimi, Salma na Rehema mdogo. Nilikuwa na miaka kumi na minne, niko darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza shule. Asubuhi moja tu nilikwenda Magara, ufukweni, kununua ndagala, dagaa wabichi wa kukausha, badala ya kwenda darasani, na kesho yake tena, na mpaka leo ni hivyo. Baba mdogo, anayekaa ng'ambo ya ziwa, Uvira, alikubali tuishi wenyewe nyumbani kwetu kwa sharti moja. Salma akimaliza mwaka wa tisa bila kupata shule ya bweni, atavuka kwenda kwake, amsaidie mkewe na watoto. Hakusema kwa ubaya. Lakini nilijua nyumba ile: msichana anayeingia pale kusaidia hatoki tena na kitabu mkononi. Na njia ya bweni ilikuwa moja tu kwa mtoto kama yeye, konkuri ya hesabu ya mwaka wa tisa. Watoto wa pwani yote huifanya, na wachache wa kwanza hupelekwa shule ya serikali huko juu milimani, wanalala huko, wanakula huko.

Mwalimu alilijua hilo kabla sijamwambia. Miaka sita alimtayarisha Salma kwa siku moja.

Sauti yake ilikuwa kubwa na safi. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanzania, kila neno limekaa mahali pake, na vijana wa bidoni walimcheka kwa hilo. Walisema Fundi anasema kama redio. Yeye aliwajibu kwamba wao wanasema kama baiskeli isiyo na mafuta. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi mpaka kwenye kiwiko, lakini kabla ya kushika kaye, daftari la mtoto, alinawa kwa sabuni na majivu, akakung'uta, akanawa tena. Alikata vifutio vya nyuma ya kalamu za risasi kwa koleo. Ukikosea piga mstari, alisema, nataka kuona ulikopotelea. Hakuwahi kusema vizuri. Swali likitoka sawa alisema "lingine," na Salma alijifunza kulisikia neno hilo kama sifa.

Imani yake kubwa ilikuwa kwamba watoto hawashindwi na hesabu, wanashindwa na woga. Mtoto anajua kila kitu akiwa jikoni kwenu, aliniambia. Mweke mbele ya mtu mwenye tai, kisha muulize mbili na mbili. Kwa hiyo kazi yake haikuwa kumfundisha Salma hesabu tu. Kazi yake ilikuwa kumtisha.

Alimpa swali, akamwacha aingie ndani yake, halafu akapiga ringi ya gurudumu kwa spana nyuma ya sikio lake. Mara ya kwanza Salma aliruka mpaka kiatu kikamtoka. Mwalimu alimwambia amalize swali kabla ya kuokota kiatu. Siku nyingine aliwaalika vijana wa bidoni wamzunguke wamcheke anapoandika ubaoni, na hao hawakuhitaji kuombwa mara mbili.

"We mutoto, unapika hesabu ama unapika ugali? Moshi iko wapi?"

"Jasho hiyo! Kama amepanda Kizuka na bidoni sita."

"Mwacheni, bana. Iko anahesabu wachumba."

Salma aliandika huku machozi yanamtoka na mkono unakwenda. Nilikuwa nimesimama na beseni langu kichwani, na moyo uliniuma kuliko nilivyoweza kuficha. Walipoondoka nilimwambia Mwalimu kwamba anamuua mtoto.

"Ninamchanja," alisema.

Mara nyingi alituambia tumpeleke Salma Magara, asubuhi wavuvi wanapoteremsha samaki na wachuuzi wanagombania. Alitaka afanye maswali matano amesimama katikati ya kelele ile, miguu ndani ya matope, watu wakimsukuma. Mimi nilikuwa nakwenda kununua, kwa hiyo ilikuwa rahisi. Mwalimu alikuja pamoja nasi, lakini hakuteremka ufukweni hata siku moja. Alibaki juu barabarani, mgongo kwa ziwa, akingoja tumletee kaye. Nilidhani ni maringo ya mwalimu asiyetaka matope. Siku moja nilimuuliza kwa mzaha kama anaogopa samaki.

Hakucheka. Alisema alivuka ziwa mara moja, akiwa kijana, ndani ya boti iliyojaa. Alikuwa na tabia ya kuhesabu, hata wakati huo. "Walioingia niliwahesabu. Walioshuka niliwahesabu. Usiniulize kutoa."

Sikumuuliza tena. Lakini tangu siku hiyo nilianza kuona kitu ambacho sauti yake kubwa ilikuwa imenificha miaka yote, kwamba mtu huyu aliyewatisha watoto ili wasiogope alikuwa mwoga kuliko sisi wote. Alikaa siku zote ukuta uko nyuma yake. Gari lenye namba za serikali likisimama karibu, alisimama pia, hata kama halikumjia yeye. Siku moja ofisa mmoja wa serikali ya komini alileta baiskeli ya mwanawe, mtu mpole, anacheka, anauliza habari za mvua. Mwalimu alifungua gurudumu na gololi zote zikamwagika chini kwa jinsi mikono ilivyotetemeka. Tulizitafuta mchangani, mimi, yeye na ofisa mwenyewe, tumeinama kama kuku.

Woga wake mkubwa ulikuwa wa karatasi. Ndani ya kisanduku, chini ya vyuma, alikuwa na bahasha iliyofungwa ndani ya plastiki mbili. Vyeti vyake vya ualimu vilikuwa humo, vya Tanzania, vimegongwa mihuri ya kambi. Alivitoa kila juma kuona kama viko. Kila mwaka shule zinapofunguliwa alivaa koti la kijivu, akaenda ofisini kuomba kazi ya kufundisha, na kila mwaka walimwambia vyeti vitambuliwe kwanza. Waliotakiwa kuvitambua walitaka barua ya kambi. Kambi ilikuwa imefungwa. Alirudi, akavua koti, akalikunja, akaziba mipira. Miaka kumi na moja. Mara tatu alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Deo, shuleni kwa Salma, kuomba hata kufundisha bure. Mara ya tatu Bwana Deo alimwambia asikanyage tena pale.

Na bado mtu huyo aliweza kukubali kusahihishwa na mtoto. Konkuri inafanywa kwa Kifaransa, na Kifaransa chake alikuwa amekiokota ukubwani. Alisoma swali kwa sauti, Salma akamwambia hapana, Mwalimu, haisomwi hivyo, na yeye akarudia neno lile mara tatu nne, kimya kimya, midomo ikitembea, mpaka lilipokaa sawa. Vijana wa bidoni wakicheka aliwaambia wao hawajui hata lugha ya breki.

Kulikuwa na jambo moja lililomtesa kuliko Kifaransa. Alipomchukua Salma mwanzoni alimfundisha kugawanya kama alivyojua yeye, kwa njia ya Tanzania. Huko namba inayogawanya hukaa kushoto, na jibu hupanda juu ya mstari. Hapa kwetu namba inayogawanya hukaa kulia, ndani ya kona, na jibu hukaa chini yake. Hesabu ni ileile, lakini karatasi mbili hizo ukiziweka pamoja utadhani ni nchi mbili, na ni kweli. Salma alipofika mwaka wa saba, Mwalimu aligundua kwamba amempandia mtoto alama ya kigeni mkononi. Akatafuta kitabu cha zamani cha shule za huku, akakifunga kwa nailoni, na kila asubuhi kabla ya wateja alijifunza kugawanya upya, yeye mwenye mvi. Kisha akamfundisha Salma upya. Miaka miwili walifanya njia ya huku tu. Lakini alikuwa haamini. Aliniambia mtu akiogopa sana anagawanya kama alivyofundishwa mara ya kwanza.

Kwangu mimi hakuwa mkali. Aliniita "mkubwa wa nyumba," na alipokuja uani alingoja nimkaribishe, hata kama watoto walikuwa wamekwisha kumvuta mkono. Nilikaa pembeni nikichambua ndagala wakati wanafanya kazi, macho kwenye beseni. Siku moja Salma alikwama kwenye swali la maji yanayojaza tangi kwa mifereji miwili. Dakika zilipita. Bila kuinua kichwa nilisema jibu. Mwalimu aliniuliza njia, nikamweleza kwa ndagala: wanunuzi wawili, mmoja anamaliza beseni kwa saa tatu, mwingine kwa saa sita.

"Wewe uliishia la ngapi?"

"La sita."

"Nani alikutoa?"

"Hakuna. Nilitoka."

Alitazama mikono yangu muda mrefu. Halafu akamgeukia Salma na kumfokea bila sababu, na mimi nikajua hakuwa anamfokea Salma.

Mwaka wa tisa ulipofika, shule ilifanya mtihani wake wa kuchagua, na Salma akawa wa kwanza. Siku iliyofuata Bwana Deo aliniita ofisini kwake. Alikuwa na adabu, alinipa kiti. Aliniambia mtoto sasa ni wa shule, anabeba jina la shule, na walimu wa shule ndio watakaomtayarisha. Alisikia kuna mtu wa baiskeli anayemwingizia mambo. Mtu huyo hana kibali. Akisikia amemgusa tena, alisema, ataondoa jina la Salma na kuweka la mtoto wa pili.

Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Nilimwambia Mwalimu nikidhani atapiga ringi kwa spana, atasema kitu cha redio. Uso wake ulikuwa umekwisha kubadilika rangi kabla sijamaliza. Alisema basi aache. Alianza kufuta ubao, saa nne ya asubuhi. Salma ndiye aliyekataa. Alisimama mbele ya ubao, akasema Madamu Perpetua anawafundisha watoto sitini na hajui hata yeye swali la tangi, na kama Mwalimu anaacha, yeye atavuka Uvira kesho, isiwe kungoja.

Hivyo waliendelea kwa kuibia. Salma alipitia kwa Mwalimu kama mtu anayeleta baiskeli. Tulitoboa mpira wa baiskeli ya baba kwa msumari mara nyingi kiasi kwamba ulikuwa viraka vitupu. Madamu Perpetua alijua. Aliona maswali ambayo hakuyatoa yeye ndani ya kaye. Siku moja alinikuta sokoni, akaninong'oneza, "Mwambie apunguze aljebra, aongeze maumbo," akaenda zake haraka bila kununua kitu. Miezi mitatu hiyo sikulala vizuri. Kila aliyemwamkia Mwalimu barabarani nilimwona ni mpelelezi wa Bwana Deo.

Siku ya konkuri nilimwomba asije. Alikuja na koti. Alisema atasimama nje ya ukuta wa lise, mbali, na kweli alisimama mbali. Watoto waliandika kuanzia saa mbili. Kisha wale waliofanya vizuri waliitwa mmoja mmoja kueleza swali ubaoni mbele ya juri. Walipokwisha, tuliona wenzake wanatoka na wazazi wao wanaondoka. Salma hakutoka. Karani alifungua mlango, akasema wote waliokuja na Salma waingie. Nilitazama nyuma na Mwalimu alikuwa ameshafika, sijui alivukaje ua ule. Tukaingia.

Ubaoni kulikuwa na hesabu ya kugawanya. Niliiona kabla sijawaona watu. Namba inayogawanya ilikuwa kushoto. Jibu lilikuwa juu.

Mkono wa Salma ulikuwa umerudi kule ulikotoka. Nilisikia pumzi ya Mwalimu nyuma yangu ikikatika.

Bwana Silvesteri alikuwa mtu mnene, mwenye tai, na hakuwa anatabasamu. Aliitazama ile hesabu, akamtazama Salma, akatutazama sisi. Jibu lilikuwa sawa, alisema, hilo si tatizo. Kisha akauliza, polepole, akinitazama mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mbele:

"Nani alimufundisha huyu mutoto kugawa hivi?"

Bwana Deo aligeuka kutoka dirishani. Alinitazama tu, na mimi nikaona jina la Salma linatoka kwenye karatasi na la mtoto wa pili linaingia. Niliona boti ya Uvira. Madamu Perpetua alikuwa anatazama mkoba wake. Salma alifungua mdomo, na nilijua atasema ukweli, kwa hiyo nikasema kabla yake.

"Baba yetu. Alisoma Kigoma."

"Yuko wapi?"

"Alikufa."

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa taa za kuvulia, na hakuwahi kusoma Kigoma wala popote. Hesabu zake zote alimwachia mama. Lakini niliona kwamba marehemu hawezi kuitwa kuhojiwa, na nikafurahi kwa akili yangu. Nilifurahi, nasema kweli, kwa muda wa pumzi moja.

Bwana Silvesteri alivua miwani. Alimtazama mtu aliye nyuma yangu, akauliza na wewe muzee ni nani.

"Mimi ni fundi wa baiskeli," Mwalimu alisema. "Nimewasindikiza."

Sauti yake haikuwa kubwa. Sikuwahi kuisikia ndogo hivyo.

Bwana Silvesteri akasimama, akaenda ubaoni, akaweka kidole juu ya mstari ule wa jibu kama mtu anayegusa kitambaa. Alisema yeye pia alifundishwa hivi, akiwa mtoto, kambini, na tangu arudi hajaona mtu anayegawa hivi kwa mkono safi namna hii. Alisema komini zote za pwani zina watoto waliorudi, hawajui Kifaransa, wanaanguka kwenye hesabu wanazozijua, na wizara imekubali kumpa kazi mtu mmoja wa kuwatayarisha, mtu anayejua njia zote mbili, na vyeti vitatafutiwa dawa. Amemtafuta mtu huyo mwaka mzima.

"Pole sana, mama. Angekuwa hai, ningefika kwenu leo."

Nilimsikia Salma anavuta pua. Bwana Deo alirudi dirishani. Mwalimu hakusogea. Nilitaka kugeuka, nilitaka kusema huyu hapa, na kila neno nililolishika liliishia mahali palepale: mimi ni mwongo mbele ya juri, na mtoto wa mwongo ataondolewa. Yeye pia alilijua. Ningeweza kuhesabu mpaka kumi. Labda nilihesabu. Kisha yeye ndiye aliyesema, kwa adabu yote, murakoze bwana, asante, watoto wamechoka, tuwaache ninyi mfanye kazi. Akanifungulia mlango.

Njiani alitembea mbele yetu, haraka. Salma alimfuata akilia, akisema nisamehe, Mwalimu, ni mkono wenyewe. Alimjibu bila kugeuka kwamba jibu lilikuwa sahihi. Hakuniambia mimi chochote, wala siku hiyo wala iliyofuata, na hakuwa amekasirika. Kesho yake kulikuwa na swali jipya ubaoni.

Salma alishika nafasi ya pili. Alikwenda milimani. Kwenye sherehe Bwana Deo alisimulia habari ya baba aliyemrithisha mwanawe hesabu, na wanawake wakatokwa na machozi. Majirani walikuja kumsomea baba dua. Mimi niliwapikia. Kila mkono ulioinuliwa kwa ajili ya baba ulinipiga usoni, na nilikuwa naogopa, si Mungu tu, naogopa kila mtu aliyekula pale, kwamba mmoja ataweka sahani chini na kusema lakini mbona yule hakusoma.

Hakuna aliyesema. Baada ya miezi michache wizara ilimpata mtu mwingine, kijana kutoka Bujumbura, asiyejua Kiswahili sana. Bwana Silvesteri alibaki na ofisi yake hapahapa Rumonge. Napita mbele yake nikienda sokoni.

Mwalimu aliondoka mvua zilipoanza. Binti yake aliyeolewa Nyanza-Lac alikuja kumchukua. Nilipofika mahali pake pa kazi nilikuta msumari tu ukutani.

Mwezi uliopita nilikwenda Nyanza-Lac. Nilibeba ndagala wakavu na barua ya Salma. Binti yake alinikaribisha, akanionyesha uani. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye mkeka, gurudumu mapajani, la mtoto wa jirani. Nilimsalimu, amahoro, Mwalimu, na akageuza uso upande ambao sikuwepo.

Binti alikuwa ameniambia mlangoni kwamba macho ya baba yake yanafifia, lakini hakuniambia kiasi gani. Mwalimu alikuwa anapitisha vidole kwenye spoki, moja moja, akitafuta iliyolegea kwa kuisikiliza. Nilimsomea barua. Salma alieleza mambo yao, baridi ya huko, na swali moja la mwisho wa muhula, lote, na njia yake. Nilipolisoma aliniomba nirudie mstari wa tatu. Nikarudia. Akasema lingine.

Halafu nikasema nilichokuja kusema. Nilisema nitakwenda kwa Bwana Silvesteri nimweleze nani alimfundisha Salma. Nilisema sijui kwa nini nimengoja, na hilo halikuwa kweli, kwa sababu nilijua.

"Salma amebakiza ngapi?" aliuliza.

"Miaka miwili."

"Basi usiende."

Nilimwambia haiwezekani wamtoe sasa, ni wa kwanza darasani. Alitikisa kichwa. Alisema mimi sijui ofisi. Faili la mtu likifunguliwa kwa neno uongo, hata kama ni uongo wa dada yake, halifungwi kwa sababu mtoto ana alama nzuri. Aliongea taratibu, na nikaona mikono yake juu ya ringi imeanza kutetemeka, kama siku ile ya gololi. Alikuwa anaogopa kwa ajili yetu, baada ya yote. Alisema Salma akishapata diploma mkononi, niende siku hiyohiyo kama nataka, niseme kila kitu, na atakuja na koti.

"Na kazi?" niliuliza. "Baada ya miaka miwili utaweza kazi?"

Aliipata spoki iliyolegea, akanyoosha mkono, na funguo ya kukazia spoki ilikuwa kando ya goti lake, karibu kabisa, mahali ambapo mimi niliiona na yeye hakuiona. Alipapasa mkeka upande wa kulia, kisha wa kushoto. Nilingoja aipate mwenyewe. Hakuipata. Nikaiokota, nikamwekea kiganjani, na akaifumbata bila kuniambia asante, kama mtu anayepokea kitu chake.

Nimerudi Rumonge. Nimefanya kama alivyosema, sijaenda ofisini, na kila asubuhi ninapopita pale na beseni langu najiuliza kama ninamtii au ninajificha nyuma yake kwa mara ya pili. Salma amebakiza miaka miwili. Hiyo naweza kuihesabu. Macho ya Mwalimu yamebakiza muda gani hakuna anayejua, na ninachodaiwa kumrudishia, ile kazi ya ualimu, ni kitu anachohitaji macho ili akipokee.